Jua la Februari Moshi: Mwongozo kamili wa kulinda watu wanaofanya kazi juani

Kijana alishuka kutoka Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, siku ya Jumatatu. Miaka kumi na tisa, mabega mapana, amebeba majani ya ng'ombe mlimani tangu utotoni. Saiti yetu ilikuwa Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, kule migomba inakoisha na mashamba ya mpunga yanakoanza. Jumanne tulimwaga zege la slabu. Kama saa saba mchana akaniambia, "Fundi, kichwa kinagonga." Nikamjibu vile nilivyokuwa nikijibiwa mimi zamani nikiwa saidia fundi: kunywa maji, maliza makarai haya, kisha utapumzika. Makarai matano baadaye nikamwona anatembea kuelekea upande ambao hakuna kazi, karai tupu mkononi, anamwita mama yake. Alipofika ukutani akakaa chini. Nilipomshika shingo, ilikuwa inaunguza kama sufuria iliyotoka jikoni.

Alipona, ila alilala hospitali siku nne. Daktari aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Ana siku ngapi kazini?" Nikasema mbili. Akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kwenye mambo ya joto, swali hilo linatangulia maswali mengine yote.

Ninayemwandikia hapa ni yeyote anayesimamia watu juani: fundi mkuu, msimamizi wa shamba, mwenye nyumba aliyeita vibarua watatu wachimbe msingi, mama mwenye ekari mbili za mpunga Chekereni anayetafuta wapandikizaji. Mifano yangu mingi ni ya ujenzi kwa sababu ndiko nilikokulia, lakini mwili wa mkata miwa na wa mbeba zege ni uleule.

Kwanza uelewe joto linavyomuumiza mtu

Mtu anayefanya kazi ngumu ni jiko. Chakula anachokula kinampa nguvu, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo, robo tatu na zaidi, haiendi kwenye koleo wala kwenye toroli. Inageuka joto ndani ya misuli. Joto hilo lazima litoke, na wakati wa jua kali njia kubwa iliyobaki ni jasho. Jasho linapoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Linalochuruzika na kudondoka chini limeondoka na maji na chumvi ya mwili bila kupoza kitu. Ndiyo maana siku za mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, mawingu ya masika yanapoanza kujikusanya na hewa inakuwa nzito, watu wanalegea kuliko siku za Januari ambazo kipimajoto kilionyesha namba ileile. Jasho halikauki.

Mwili unatakiwa kukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Ukipita 38 kwa muda mrefu, kazi inaanza kuwa hatari. Ukipita 40, ubongo, figo na ini vinaanza kuungua, na hapo unahesabu dakika.

Kabla ya kufika huko kuna vituo njiani. Harara, vile vipele vinavyowasha shingoni na mgongoni, ni dalili kwamba ngozi imelowa muda mrefu. Kukaza misuli ya miguu na tumbo kunamaanisha chumvi na maji vimepungua. Halafu unakuja uchovu wa joto: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, kulegea, mapigo ya moyo kwenda mbio. Mtu huyu anajua jina lake na anajibu vizuri. Kituo cha mwisho ni kiharusi cha joto. Jina hilo lisikuchanganye na kiharusi cha kupooza upande mmoja, haya ni maradhi mengine kabisa. Hapa akili inapotea: anaweweseka, anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anayumba kama mlevi, anazimia au anapata degedege.

Wengi tuliambiwa kwamba mwenye kiharusi cha joto ngozi yake huwa kavu. Kwa mtu aliyekuwa anafanya kazi ngumu si lazima iwe hivyo. Kijana wangu alikuwa ameloa jasho chapachapa. Kipimo chako kiwe akili yake. Muulize maswali matatu: jina lako nani, tuko wapi, leo siku gani. Akikosea hata moja, hiyo ni dharura.

Kuna dhara lingine ambalo halipigi kelele. Wakata miwa wa Nicaragua na El Salvador wamekufa kwa wingi kwa ugonjwa wa figo, vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, na watafiti wanaona kazi nzito juani pamoja na ukosefu wa maji kama sababu mojawapo kubwa. Sisi nasi tuna miwa hapo Arusha Chini, kusini mwa Moshi, na tuna watu wanaochimba, wanaobeba na wanaopanda mwaka hadi mwaka bila kunywa maji ya kutosha. Figo haisemi mapema.

Hatua ya kwanza: jua jua lako

Februari, joto la mchana Moshi hufika nyuzi 33 na zaidi, na hicho ni kipimo cha kivulini. Juu ya slabu, kati ya nondo zilizopata moto, au juu ya paa la bati jipya linalokurudishia mwanga usoni, hali ni mbaya kuliko hapo. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni ya baridi zaidi, na hapo ndipo watu wa Arusha wanapojidanganya. Mwanga wa jua unaokupiga kichwani kule haujapungua kwa sababu upepo ni mzuri. Tena kampuni nyingi za Arusha zinatuma watu kwenda kufanya kazi Mto wa Mbu au Mererani, bondeni kwenye joto, na mtu aliyelala na blanketi jana usiku anachimba mtaro leo saa nane mchana.

Sasa kuna jambo ambalo nililigundua nikiwa nimechelewa sana. Karibu kila saiti hupumzika saa sita hadi saa saba. Mazoea hayo yanadhani jua linakuwa utosini saa sita kamili. Kwetu si hivyo. Saa za Tanzania zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na Moshi iko karibu na nyuzi 37, kwa hiyo mwezi Februari jua linafika juu kabisa kama saa saba kasorobo. Joto la hewa linaendelea kupanda hadi karibu saa tisa au saa kumi. Maana yake ni kwamba unawapumzisha watu kabla ya saa mbaya, halafu unawarudisha juani saa mbaya ikianza. Kijana wangu alianguka muda mfupi baada ya "mapumziko".

Karibu na tarehe 12 Machi jua linapita juu ya Moshi wima, hata nguzo haina kivuli. Linarudi tena hivyo mwanzoni mwa Oktoba. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda ya saiti, na sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni kama unavyosikiliza bei ya saruji.

Hatua ya pili: panga siku upya

Ratiba ninayotumia kuanzia Desemba hadi masika yanaposhika ni hii. Kazi inaanza saa 12:30 asubuhi, kukipambazuka. Saa 3:30 chai, nusu saa. Kazi ngumu kuliko zote iwe imekwisha kufika saa 5, na saa 6 kila mtu anaweka zana chini. Mapumziko marefu ni saa 6 hadi saa 8:30. Baada ya hapo ni kazi za kivulini na zile za upande wa ukuta usiopigwa na jua, hadi saa 11 jioni. Ukijumlisha utapata saa saba na nusu za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu hadi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri atoe mapumziko ya angalau dakika 60 kwa mtu anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, kwa hiyo hujavunja chochote.

Wanaokaa mbali hawapendi mapumziko marefu, na wana haki, kwa sababu nauli na watoto vinawasubiri. Kwa hao, fanya zamu moja: saa 12:30 hadi saa 7 mchana, pumziko la saa moja katikati, siku imekwisha, walipe kamili. Nimeona kazi ya namna hiyo ikienda mbele kuliko ile ya kukokota hadi jioni. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Hali ya Hewa Duniani walieleza mwaka 2025 kwamba joto likishapita nyuzi 20 za kile kipimo kinachojumlisha jua, unyevu na upepo, kila nyuzi moja inayoongezeka hula asilimia 2 hadi 3 ya tija ya mfanyakazi. Saa nane mchana unalipia mikono ambayo sehemu yake haipo.

Mwenye mradi akibisha, mwambie habari za zege. Zege lenyewe halipendi jua la mchana. Linakauka haraka kabla halijasawazishwa, linapasuka nyufa nyembamba, na nguvu yake inapungua. Nimemshawishi bosi mmoja kuanza kumwaga alfajiri kwa hoja hiyo baada ya hoja ya afya kushindwa. Roho iliniuma kwamba zege lilisikilizwa kabla ya watu, lakini watu walipona.

Slabu ikishaanza haiachwi njiani, hilo kila fundi analijua. Kwa hiyo siku ya zege ongeza watu, ugawe vikosi viwili vinavyopokezana kila nusu saa, na usianze slabu ambayo hesabu yako inaonyesha itapita saa sita.

Angalia pia namna unavyolipa. Anayelipwa kwa idadi ya matofali au mistari ya miwa hatapumzika hata ukimpigia filimbi, kwa sababu pumziko lako linatoka mfukoni mwake. Lipia dakika za kupumzika, au weka kiwango cha juu cha siku ambacho mtu hapaswi kukipita wakati wa kiangazi.

Hatua ya tatu: wape wageni muda wa kuzoea

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Mwili hujifunza joto. Kwa siku 7 hadi 14 za kufanya kazi kwenye joto unaanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, unabana chumvi, na moyo unatulia. Kabla ya hapo nguvu za mtu hazimsaidii, tena mwenye nguvu ndiye anayejisukuma hadi kuanguka. Marekani, mamlaka ya usalama kazini ilipochunguza vifo vya joto iliona karibu nusu vilitokea siku ya kwanza kazini, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza.

Sasa itazame Kilimanjaro. Kijana anapanda daladala Kibosho, Marangu au Mwika asubuhi ana sweta, anashuka Pasua, Moshi mjini, na baada ya muda mfupi yuko kwenye nchi nyingine. Kila mita 1,000 unazoshuka zinaongeza kama nyuzi 6 za joto. Mlima wetu unawaleta watu wasiozoea joto kila Jumatatu, tunawakabidhi karai, na wanakuja haohao wenye aibu ya kusema wamechoka kwa sababu ndiyo wameanza.

Kuna wageni wengine ambao hatuwahesabu kuwa wageni. Desemba kila Mchagga anapanda nyumbani. Wiki mbili, tatu, za baridi ya mlimani, kulala, nyama na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwili unaanza kusahau joto baada ya wiki moja tu ya kukaa nje yake. Januari wanashuka, mafundi wa miaka kumi, na wanakuta kiangazi kimepamba moto. Tunawapa kazi kama kawaida kwa sababu ni wazoefu. Wazoefu wa kazi, ndiyo. Wa joto, hapana. Aliyeugua malaria wiki iliyopita naye yuko kwenye kundi hilo.

Fanya hivi. Mgeni kabisa apewe moja ya tano ya kazi ngumu siku ya kwanza, mbili ya tano siku ya pili, na kuendelea hivyo hadi siku ya tano. Mzoefu aliyekaa nje kwa wiki moja na zaidi aanze na nusu, kesho yake asilimia 60, keshokutwa 80, siku ya nne kamili. Muda unaobaki hapotezi. Akate na kukunja ringi za nondo kivulini, ahesabu saruji stoo, apange mbao, amwagilie ukuta wa jana. Na mpe mwenza, mtu mzima anayejua dalili, ambaye kazi yake ni kumtazama usoni kila baada ya muda. Mtu anayepigwa na joto huwa wa mwisho kujua.

Hatua ya nne: maji, na kila kinachozuia watu wasinywe

Kikombe kimoja cha robo lita kila dakika 15 hadi 20. Kidogokidogo, mara nyingi, kabla ya kiu. Kiu ikija umeshachelewa. Pia kuna mpaka wa juu: mtu asifikishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi kupita kiasi huyeyusha chumvi ya damu, na hilo nalo linaua.

Hesabu ya haraka: mtu mmoja atakunywa kama lita 6 kwa siku ya kazi. Watu kumi ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Nikifika kwenye saiti nikakuta kidumu kimoja cha lita tano kwa watu wanane, sihitaji kuuliza maswali mengine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa, kwa hiyo hii si hisani.

Maji yawafuate watu. Dumu likiwa stoo na kazi iko ghorofa ya pili, hakuna atakayeshuka kila robo saa. Kwetu mtu mmoja kwa zamu anapita na ndoo yenye mfuniko na vikombe, na nimeona unywaji unaongezeka mara mbili kwa sababu tu mtu amesimama mbele yako anakuangalia. Maji ya moto kama chai hayanyweki pia. Nunua mtungi wa udongo, uweke kivulini penye upepo, uufunge gunia lililoloweshwa. Maji yanayovuja kwenye udongo yanakauka na kuupoza. Bibi zetu walilijua hili bila umeme.

Halafu uliza kwa nini mtu hanywi. Kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi nimewakuta akina mama wanapandikiza tangu alfajiri wameinama kwenye maji hadi magotini, jua mgongoni, na wamekunywa kikombe kimoja tu. Mama mmoja alinijibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nikinywa nitajisaidia wapi?" Pale hapakuwa na choo, na kila upande ni tambarare tupu. Ukitaka wanawake wanywe maji, jenga choo cha turubai kabla ya kununua dumu la pili. Magunia manne, miti minne, shimo, mlango unaofunga. Ni kazi ya nusu siku.

Kuhusu chumvi, chakula cha kawaida kinatosha kwa wengi. Mtori wa asubuhi una ndizi, nyama, chumvi na maji kwa pamoja, na simjui mtaalamu atakayekupa kitu bora cha kufungua siku ya juani. Ongea na mamantilie wako aulete saa ya chai. Anayekaza misuli, au anayetoka jasho hadi shati linaweka mistari myeupe ya chumvi, mpe maji ya chumvichumvi ya duka la dawa. Yakikosekana changanya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa kijiko kilichosawazishwa, usikadirie kwa kiganja. Vidonge vya chumvi usitumie. Vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wanavipenda vinauchokoza moyo ambao tayari unakimbia, visiingie saiti. Mirungi ni vilevile. Mbege ya jana usiku bado iko kazini asubuhi, kwa hiyo anayenuka pombe anabaki kivulini hadi mchana.

Mwambie kila mtu atazame mkojo wake. Ukiwa wa rangi ya maji ya limau, yuko salama. Ukifanana na chai ya rangi, aongeze maji sasa hivi. Ukiwa mweusi kama kahawa, aende hospitali leo.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kilele cha joto letu. Usimwambie mtu afungue, hilo ni lake na Mola wake. Kazi yako ni kumpangia: aanze mara tu baada ya alfajiri, kazi ngumu iishe mapema, mchana apewe ya kivulini au aruhusiwe kuondoka. Mjulishe dalili, na akianza kuweweseka huduma ni ileile.

Kivuli, nguo, na watu wa kuangaliwa zaidi

Kivuli kiwe karibu, kiwatoshe wote kwa wakati mmoja, na upepo upite. Chumba kipya chenye bati lisilo na dari kina kivuli lakini ni tanuri. Mwembe ni bora. Pasipo mti, funga turubai la rangi nyepesi juu ya miti minne, pande zote wazi, na mabenchi ya kukalia, kwa sababu mtu aliyechuchumaa hapumziki.

Shati la mikono mirefu la pamba, jepesi, la rangi isiyo nyeusi, linamfaa kuliko kifua wazi. Kofia ya pama yenye ukingo mpana kwa wa shambani. Wa saiti avae kofia ngumu na aning'inize kitambaa kilicholoweshwa nyuma ya shingo. Ovaroli nzito, viatu vya mpira na koti la kupulizia dawa vinaziba jasho kabisa, kwa hiyo unyunyiziaji wa dawa shambani uishe kabla ya saa 3 asubuhi.

Wenye umri mkubwa, wajawazito, wenye kisukari au moyo, na wanaotumia dawa za shinikizo zinazokojoza au dawa za mzio zinazoleta usingizi, wako hatarini zaidi. Usiwaulize mbele ya wenzao. Mwite mtu pembeni, mwambie kwa heshima, "Mzee wangu, kuna dawa unatumia? Nataka nikupange vizuri." Watakuambia.

Mtu akianguka: dakika 30 za kwanza

Mwenye uchovu wa joto, ambaye bado anajibu vizuri, mtoe juani, mlaze, inua miguu, mvue viatu na shati, mloweshe, mpepee, mpe maji kidogokidogo. Usimwache peke yake. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, au akili ikianza kuyumba, fuata hatua za hapa chini.

Mwenye kiharusi cha joto anatakiwa kupozwa kwanza, kusafirishwa baadaye. Tulikosea hapa na kijana wetu: tulitumia dakika ishirini kutafuta gari huku anaungua. Lengo ni kushusha joto lake ndani ya dakika 30.

1. Piga kelele ya msaada. Mmoja apige simu ya gari na hospitali, wengine wabaki na mgonjwa.
2. Mvute kivulini, mvue nguo nzito na viatu. Aibu iwekwe pembeni. Wanawake wamsaidie mwanamke mwenzao.
3. Tandaza turubai, mlaze katikati, watu wanne hadi sita wainue kingo liwe kama mtumbwi, kisha mimina maji ya baridi, ndoo nne, tano, zaidi. Tumbukiza barafu kama duka la jirani linayo. Mtikisie maji mwilini, mwingine ashike kichwa kisizame. Pipa kubwa la maji linafanya kazi hiyohiyo. Mlimani na pembezoni mwake, mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, unaleta maji ya baridi kutoka msituni: mlaze kwenye ukingo usio na kina, shika kichwa na mabega muda wote.
4. Maji yakiwa machache, mloweshe mwili mzima mfululizo na kumpepea kwa nguvu kwa bati au ubao. Weka vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena.
5. Usimpe chochote mdomoni kama anaweweseka au amezimia. Kitaingia kwenye mapafu. Akitapika mgeuze ubavu. Panadol haisaidii hapa, maana joto hili si homa, na inaweza kuliumiza ini lililoungua tayari.
6. Endelea hadi akili irudi au aanze kutetemeka kwa baridi. Hapo mpeleke, hata kama anasema amepona.

Kuhusu usafiri, kamwe usimpakie aliyezimia kwenye bodaboda akiwa amebanwa kati ya watu wawili. Kirikuu, bajaji, gari lolote ambalo anaweza kulala ubavu huku mtu anaendelea kumloweshea maji. Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, Arusha kuna ya Mount Meru. Namba za madereva wawili wa karibu ziandikwe kwa rangi kwenye mlango wa stoo kabla hamjachimba msingi, na zipigwe mara moja kwa majaribio. Fanyeni zoezi la turubai siku moja, dakika kumi, na mtu mzima akiwa mgonjwa wa kuigiza. Watacheka, na watakumbuka.

Jambo la kuchanganya hapa kwetu ni malaria. Mtu ana joto na anaweweseka, na wa kwanza kusema atasema "malaria imempanda kichwani." Inawezekana kweli. Lakini kumpoza hakumdhuru mwenye malaria, na kutompoza kunamuua mwenye kiharusi cha joto. Poza kwanza, waache hospitali wapime damu.

Akirudi kazini

Aliyepata uchovu wa joto hafanyi kazi tena siku hiyo, na kesho yake anaanza na kazi nyepesi. Aliyepata kiharusi cha joto anasubiri ruhusa ya daktari, mara nyingi wiki kadhaa, kisha anaanza upya ile ngazi ya moja ya tano kama mgeni. Mwili uliowahi kuungua huungua tena kwa urahisi. Mlipe siku zake za kuugua, usimlazimishe kuchagua kati ya figo na kodi ya nyumba.

Na weka daftari. Langu ni la shule, la kurasa 96, limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa stoo. Kila mtu anayelalamika joto anaandikwa: siku, saa, alikuwa anafanya nini, ana siku ngapi kazini, tumemfanyia nini. Ukurasa wa kwanza kabisa una mstari mmoja wa kijana wa Kibosho, nilioujaza mwenyewe usiku ule nikitoka hospitali: *Jumanne, saa 7 na dakika 20, kubeba zege, siku ya pili, alisema kichwa kinagonga na sikumsikiliza.* Mstari wa mwisho ni wa wiki iliyopita: *Alhamisi, saa 5, kuchimba mtaro, siku ya tatu, kizunguzungu, ametolewa kivulini na mwenza wake kabla hajasema, amekunywa, amekwenda nyumbani saa 6 kwa miguu yake.*